Shule Yangu na Shule ya Dada Yangu

Nilikuwa hodari wa kulinganisha shule za Kamina. Yetu, ya watoto wa wafanyakazi wa reli, ilikuwa na madirisha ya vioo na mwalimu wa kemia aliyevaa koti jeupe. Ile ya serikali, ng'ambo ya reli, ilikuwa na mabati yaliyotoboka, na kila mwanafunzi alibeba kiti chake kutoka nyumbani. Huko ndiko alikosoma dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyeletwa kwetu kutoka Kabongo. Shule yetu ilimkataa kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa reli. Tulilala kitanda kimoja, nami kila jioni nilimchokoza: leo mmesoma, au mvua imewafukuza tena? Alicheka, akaendelea na hesabu zake. Mimi hata daftari sikufungua. Nani angeanguka katika shule yenye vioo?

Mtihani wa serikali ulifanyika shuleni kwetu. Wa ng'ambo walifika na viti vichwani, hawakujua kama watapata madawati. Wenzangu walivunjika mbavu. Mmoja akanionyesha dada yangu.

"Ule, unamujua?"

"Hapana," nikasema. Dada alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. Alisikia, na jioni hakunisema.

Matokeo yalikuja kwa simu. Yeye alifaulu, mimi nilianguka. Wenzake wakammwagia poda kichwani, kama tunavyomfanyia kila aliyefaulu, wakaimba naye barabarani. Tulipokaribia nyumbani, tumebaki wawili, alisimama bombani, akanawa kichwa chote.

"Anza weye kumuambia mama," akasema. "Yangu itafwata."

Mama alikuwa mlangoni, kopo la poda mkononi. Alitazama nywele za dada zilizolowa, hazina poda hata chembe, akamkumbatia.

"Usilie, mutoto yangu. Na ile masomo yenu ya ng'ambo, ungefanya nini? Utarudilia mwaka ingine."

Mimi pia sikuwa na poda, lakini kwa mama shule yangu ilitosha. Akanigeukia, anacheka kwa furaha.

"Na weye, leta kichwa!"

Dada alinitazama, akingoja niseme. Leo mimi ni mtu mzima, na ninapoandika haya uso unaniwaka kwa aibu. Niliinamisha kichwa, mama akanimwagia poda yote.