Mashine Yenye Kusalimia

Pale institut, shule yetu ya sekondari ya Bunia, tulisoma ordinatere, yaani kompyuta, kwa chaki, maana mafuta ya jenereta yaliisha kila mara mbele ya somo. Mwalimu alituhadithia tu. Siku hiyo alisema watafiti wa zamani walitengeneza mashine ndogo ya magurudumu. Waliiambia songa, geuka, nayo ikachora mistari chini. Haioni, haifikiri, inafuata neno.

"Leo mashine ni mutu," akasema. "Tunamufunga macho, mwenzake anamuongoza achore mraba."

Wote wakaangalia madawati. Vita vimekwisha, redio ilisema, lakini darasani watoto wa kabila tulilopigana nalo walikaa upande wa madirisha, siye upande wa mlango. Nani angefungwa macho mbele ya watu wa upande ule? Woga ule ulinichoma roho, na ulimi wangu hauna breki.

"Funga miye! Muko munaogopa kitambaa?"

Wa kuniongoza akatokea upande wa madirisha: dada mmoja wa ng'ambo ya barabara kubwa, kule ambako tangu vita sikukanyaga tena. Nikajuta. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

"Mbele hatua tatu. Geuka kuume." Ndivyo alivyoniagiza. Nikainama, nikachora kwa chaki sakafuni nikienda. Mraba ukikaribia kufungika, mama muuza mandazi akaingia.

"Jambo yenu, batoto!"

Loo! Nikasimama na kitambaa usoni, nikanyoosha mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, kama nilivyolelewa. "Jambo mama. Kwako iko salama?" Mguu ukafuta mstari. Darasa zima likacheka, madirisha na mlango pamoja.

"Mashine haisalimii!" mwalimu akapiga kelele.

"Mwalimu, kosa iko kwa maagizo," yule dada akajibu. "Tuongeze: kama mutu anasalimia, simama, salimia, kisha endelea."

Mwalimu akayaandika ubaoni. "Njo vile, ni hivyo kabisa," akasema. "Akili ya mashine inaanzia kwa hiyo 'kama'."

Tulichora tena. Mraba ulipinda, lakini ulifungika.

Tulipotoka, miye na yule dada tulitembea hadi barabara kubwa. Hapo miguu ikakataa. Niliogopa, nasema wazi.

"Mashine, mbele," akanitania. Nikavuka.

Mama yake alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Aliniangalia uso, akajua mara moja mimi ni wa upande gani. Akaweka ungo chini.

"Jambo, mutoto wangu."

Nikasimama. Nikasalimia. Kisha nikaingia ndani.