Seva Iliyodai Kuibiwa Miaka Mia Tano

Mwaka 2017, vita vya upande wa Nyunzu vilipokuwa vikimwaga watu Kalemie kila siku, Hidaya Twahiri alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika biro, yaani ofisi ya shirika moja dogo la misaada. Alitunza mashine moja kubwa ambayo ndani yake zilikaa seva tatu, kila moja ikijiona mashine kamili. Moja ilibeba orodha ya familia zilizokimbia, nyingine majina ya watoto waliopoteana na wazazi, na ya tatu barua za ofisi.

Jumamosi moja wakubwa wa Kinshasa waliagiza kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kibadilishwe kwenye seva zote tatu. Hidaya akafanya alivyoambiwa. Jumatatu asubuhi akakuta skrini nyekundu. Takwimu zilisema kila seva inaibiwa, yaani inanyimwa na mashine kubwa, karibu muda wake wote wa kazi.

Papa Patrick, mkuu wa biro, akasimama nyuma yake.

"Mama Hidaya, hii mashine inakufa. Tuizime kabla haijapoteza majina. Tutaandika kwenye karatasi."

"Papa Patrick, unipe saa moja. Kama inakufa, mbona inajibu mbio hivi?"

Papa Patrick akachungulia dirishani. Mustari wa watu waliokuja kutafuta ndugu zao ulikuwa umefika barabarani.

"Saa moja. Isipite."

Hidaya akaiambia seva ya watoto itafute jina moja kati ya yote, akapima. Sekunde mbili, kama wiki iliyopita. Akaingia kwenye mashine kubwa, ile inayozigawia seva muda wa kazi: ilikuwa imetulia kabisa. Basi nani anaiba? Akaachana na asilimia, akafungua hesabu zenyewe jinsi mashine inavyoziandika, akazigeuza kuwa miaka. Akacheka peke yake. Seva iliyowashwa juzi ilidai imeibiwa zaidi ya miaka mia tano!

"Papa Patrick, kuja uone. Haigonjwi. Hesabu ilishuka chini ya sifuri, na mashine haijui kuandika chini ya sifuri, njo maana ikarukia namba kubwa kuliko zote. Hiki kiini kipya njo kinahesabu vibaya."

Hata hivyo alitaka uhakika. Akaiwasha upya seva ya barua kwa kiini cha zamani, maana hiyo hata ikisimama kidogo haimuumizi muntu. Namba zake zikatulia. Zile mbili zikabaki nyekundu, huku zikifanya kazi bila shida.

"Mimi ningezima," Papa Patrick akasema taratibu. "Aksanti kwa kunizuia."

Kabla ya saa sita mchana, mwanamke aitwaye Emerance alifika mbele ya meza ya Bertille, mwandishi wa majina. Alikuwa ametembea kutoka Nyunzu akifuata reli, na katika kukimbia alipotezana na binti yake Ketsia, mwenye miaka sita. Bertille akaandika jina, umri, na kovu la kiwiko cha kushoto. Seva ikajibu palepale: mutoto aliokotwa Niemba, yupo kwa muda kwa familia moja hapa hapa mjini. Kesho yake angepelekwa Moba pamoja na watoto wasio na wa kuwapokea.

Emerance hakupiga kelele. Alikaa chini, akauliza amshukuru nani. Bertille akamwonyesha mlango wa Hidaya.

"Mama, mimi nilikagua hesabu tu," Hidaya akasema, mikono yake imeshikwa na Emerance. "Umshukuru aliyeandika jina lake kule Niemba. Na Papa Patrick aliyekubali kungoja."

Alipobaki peke yake alimpigia simu mwalimu wake wa zamani kule Lubumbashi, aliyemfundisha kuuliza namba imetoka wapi kabla ya kuiamini. Alitaka kusema aksanti, lakini machozi yakamtangulia.

Kiini kilichorekebishwa kilifika baada ya wiki tatu. Safari hii Hidaya alikijaribu kwanza kwenye seva ya barua, siku mbili nzima, na hakuna mukubwa wa Kinshasa aliyemharakisha.