Uzi wa Katani

Baba alinichapa kwa ajili ya wazungu waliokufa zamani. Ujanani alikuwa amembebea mizigo profesa mgeni aliyekusanya mimea kwenye milima ya Kilosa, na jioni profesa alimsimulia habari za wanazuoni wa mji wake wa chuo kikuu: aliyegundua damu inavyozunguka mwilini, aliyepiga hesabu za mwendo wa nyota. Mimi nikawarithi, pamoja na fimbo ya mpera. Nikikosea nani aligundua nini, mbili za mapajani. "Wenzako walisoma kwa mshumaa," alisema, "wewe una taa na kichwa kitupu."

Uzeeni tulimhamishia Mikumi, kwa dada yangu anayewapikia madereva wa malori. Huko akawa anawaambia wateja kwamba jina lake limeandikwa katika mji ule, kando ya mimea aliyoikausha na kuifunga kwa mikono yake. Profesa alimwahidi. Wakamwita Profesa, huku wanacheka. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma katika mji huohuo wa profesa, aliniagiza kitu kimoja tu: nikaone.

Nikaona. Kabati la chuma, karatasi ngumu, ua lililogeuka rangi ya chai. Lebo ilikuwa na jina la profesa, jina la mlima na mwezi. Baba hakuwemo. Nikapiga picha kwa simu.

Niliporudi nilimkuta amekaa na madereva, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, soma, wasikie."

Ningeweza kumwita pembeni. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na siku ile zamu ilikuwa yake. Nikafungua picha ya lebo kwenye simu, nikasoma kila neno kwa sauti, taratibu, kama alivyonifundisha, kisha nikasema, "Jina lako halimo, baba." Madereva walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Baba akauliza, "Ua bado lina rangi?"

Nikamwambia halina. Nilifurahi, sitadanganya.

Hakuisimulia tena habari ile. Mvua za vuli hazijaanza, tukamzika.

Kuna jambo sikumwambia. Kwenye karatasi ile shina lilifungwa kwa uzi wa katani uliosokotwa pajani, kwa fundo lilelile la kurudia mara mbili alilofungia mbuzi wetu. Niliutambua palepale. Nilipopiga picha, niliisogeza simu ili uzi usitokee.