Meno Matatu Mazima ya Mama

Nilimng'oa mama yangu meno matatu mazima. Kwa mikono yangu hii hii.

Mimi ni daktari wa meno. Usinitukane bado, soma kwanza.

Mama alikuja kliniki kwangu ameshika shavu la kushoto. Nikamgongagonga meno kwa kifimbo cha chuma. Nilipofika la mwisho, akaruka.

"Hilo hilo, mwanangu!"

Mashine yetu ya eksirei, ile ya filamu, ilishakufa kitambo. Nikang'oa.

Wiki mbili tu, maumivu palepale.

Nikang'oa la pili. Mwezi haujaisha, huyo mlangoni tena, hata kunywa maji anaogopa.

Hapo nikaishiwa. Mama yangu mzazi analia kwenye kiti changu, na usomi wangu wote haunisaidii kitu.

"Mama, nitoe na hili?"

Akamtazama nesi wangu aliyesimama kando, kisha akanigeukia mimi.

"Toa, baba. Wewe ndiye daktari wangu."

Nikatoa. Shavu likaanza kuvimba.

Nikameza aibu, nikampeleka kwa dada mmoja niliyesoma naye. Yeye ana eksirei ya kidijitali. Mama akasimama, mashine ikamzunguka kichwa, na hapo hapo taya lake lote likatokea kwenye kompyuta. Hakuna kusubiri filamu isafishwe. Mwenzangu akaikuza picha mpaka kila mzizi ukaonekana.

Ndani ya mfupa kulikuwa na jino limelala kiubavu, halijawahi kuota. Limezungukwa na kivuli cheusi.

"Ni mfuko wa maji, unakula mfupa," akasema taratibu. "Yale uliyotoa hayakuwa na kosa."



Mama alipasuliwa, akapona. Ila kutafuna ni upande mmoja tu.

Siku ya kutolewa nyuzi nikampigia magoti.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulipotoa la pili, nikajua silo. Maumivu yalikuwa chini zaidi."

"Sasa mbona ulikubali nitoe la tatu?"

"Nesi wako alikuwa amesimama pale, anakuangalia. Ningekukatalia mbele yake?"

 

Ndugu yangu, daktari akishika koleo kabla hajakupiga picha, mwambie asubiri.

Mwambie hata kama ulimzaa wewe.