Maoni Chini ya Misa ya Leo

Jamani, naombeni ushauri.

Asubuhi nilikuwa narusha misa mubashara kutoka kanisani kwetu hapa Sumbawanga.

Nikaisogeza kamera kwa dada mmoja wa kwaya, maana yule anaimba!

Maoni yakaingia: "Huyo wa kilemba cha njano ni mke wangu. Hapo ni wapi?"

Kabla sijafuta, muumini mmoja, kwa ukarimu tu, akamjibu: "Karibu sana, ndugu," akamwelekeza mpaka mlangoni.

Misa ilipoisha nikamwonyesha dada. Akakaa chini palepale.

"Nilimtoroka kule Kirando. Aliapa akinipata ataniua."

Tumeripoti polisi. Tumemficha, sisemi wapi.

Sasa hivi ukurasa wa parokia umepokea ujumbe: "Asanteni kwa kunielekeza. Nimeshapanda gari."

Ingekuwa wewe, ungefanyaje?