Wasiokuwamo Kwenye Bima ya Chediel

Trekta lina kiti kimoja. Zamani Chediel wa Sepuka hakulitambua hilo, maana siku za gulio tela lake lilijaa akina mama na alizeti zao, kuku wamefungwa miguu, nyimbo za kwaya zikipaa mpaka barabara kuu. Mkewe Loyce alikuwa hai bado, akikaa juu ya magunia kama bibi harusi.

Loyce akafariki. Mwaka uliofuata Chediel akaenda Singida mjini kulikatia trekta bima, kwa sababu linapoingia kwenye lami askari wa barabarani humsimamisha sawasawa na mwenye lori: leseni, bima, taa za nyuma. Leseni na taa alikuwa nazo tayari, bima akaikata siku hiyo. Alikuwa na swali moja tu: je, wanaokaa kwenye tela?

Binti wa ofisini, Ritha, alimweleza taratibu kama mtu anavyomweleza baba yake. Bima ile inalipa trekta likimgonga mtu barabarani au likiharibu mali ya mtu. Tela ni la mizigo. Kupakia watu humo ni kosa, na likipinduka nao, mzigo wote ni wa mwenye trekta.

"Hao hawamo, baba," alisema.

Chediel akarudi na neno hilo moyoni. Tangu siku ile hakupakia mtu, awe mgonjwa wa mguu, awe shemeji. Watu wakambandika jina la Bima. Akipita gengeni, akina mama huambiana, "Msimpungie mkono, jamani, sisi hatumo," wakacheka, naye akacheka akiwa ameshafika mbali. Njiani mabasi yanampita, bodaboda zinampita, na kwenye mteremko hata baiskeli inampita. Mtu wa kuzungumza naye hana.

Aliyebaki ni Philipo, mwenzake tangu utoto. Huyo alikuja kila jioni, wakanywa uji wa mtama uani bila kusema mengi.

Mwezi wa saba mama yake Philipo, Bibi Anastasia, akafariki. Makaburi ya ukoo yako kwenye shamba la zamani, ng'ambo ya lami, mwendo mrefu kwa wazee. Asubuhi Philipo akaja kuomba tela libebe mwili na waombolezaji.

Chediel alisema atabeba jeneza, maji, sufuria na maturubai, na dizeli ataweka mwenyewe. Watu hapana. Akaeleza hatari ya kona ya korongoni iliyo njiani, akaeleza na habari ya bima. Philipo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu alikubeba mgongoni, Chediel."

"Najua. Na wanao ndio watakaopanda mle. Likipinduka, nitakuja kukuambia nini?"

"Basi kaa na trekta lako."

Wakaenda na mkokoteni wa ng'ombe, jeneza juu, watu kwa miguu. Chediel akafunga mlango, akachukua koleo lake, akafuata nyuma. Hakuna aliyepunguza mwendo ili alingane naye.

Huko mtu hafukii kaburi peke yake. Ukishatupa udongo kidogo, mwenzako anakuja, "Pole, lete," anakupokea koleo, nawe unapumzika. Chediel aliingia kwenye zamu kama wengine. Wengine wakapokewa. Yeye hakupokewa. Kuliweka koleo chini mwenyewe hakuthubutu, maana ingekuwa kama kuaga msiba kabla ya wenye msiba. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Jasho likamwingia machoni, na udongo aliokuwa akiuchota ukawa haujai hata nusu ya koleo.

Ndipo Philipo, ingawa kwa desturi mfiwa hukaa tu akisubiri kuweka shada, akainuka kwenye benchi. Akaja mpaka mbele yake. Hakumtazama usoni.

"Lete," alisema.

Chediel akampa. Akasimama pembeni, mikono mitupu, akimtazama rafiki yake akimfukia mama yake. Alitaka kumwambia pole, ila wakati wa neno hilo ulikuwa umeshapita, na wengine walikuwa wanakuja kumpokea Philipo mbiombio.

Jioni alipika uji wa watu wawili. Philipo hakuja, na kesho yake hakuja. Mfiwa ana wageni. Chediel hakujua kama alipokewa koleo kwa urafiki au kwa huruma ya kumwona mzee anadhalilika mbele ya kaburi. Siku ya tatu akapika tena wa watu wawili, akaketi uani akiangalia njia.