Siku Mtani Alipokataa Kutuuzia Baiskeli ya Bluu

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya likizo ya mwezi wa sita, saa nne kasoro robo asubuhi, mimi na Bibi tulipoteremka kwenye bodaboda Kanyenye, Tabora mjini, mbele ya duka la baiskeli. Saa naijua kwa sababu Bibi alimuuliza dereva. Anapenda kujua saa kabla ya kuanza kubishana na mtu.

Nieleze kwanza tulifuata nini. Mimi nakaa na Bibi, kijijini Kwihara. Wazazi wangu wako Igunga, wanalima mpunga. Shule yangu iko Tabora mjini, ya kutwa na ya bweni, na tangu kidato cha kwanza nilikuwa napakiwa kwenye pikipiki ya mwalimu mmoja jirani yetu, mpaka alipohamishwa wilaya nyingine. Baba akasema basi, shule zikifunguliwa nihamie bweni. Akatuma tranka na godoro kwa basi, nisije nikadhani anatania.

Sikutaka bweni. Sababu zangu si za maana sana. Mimi naona aibu kupiga mswaki mtu akiniangalia, na bwenini wanapiga mswaki kwa mstari. Halafu Bibi angebaki peke yake. Yeye alisema hilo halimsumbui hata kidogo, alilisema mara nyingi, na kila akilisema alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Nikamwambia Baba kwenye simu kwamba naweza kwenda shule kwa baiskeli.

"Barabara kubwa? Na malori yale?"

"Hapana. Nitapita njia ya zamani. Ya misafara."

Baba akasema, "Haya. Tafuta baiskeli unayoiweza. Kabla ya Jumatatu uwe umefika nayo shule, peke yako. Ukishindwa, bweni, na sitaki kusikia neno."

Njia hiyo wageni huja kuipiga picha. Mchanga hauonekani kwenye picha. Kiangazi unameza tairi nyembamba mpaka baiskeli inasimama yenyewe, na ukitoka mchangani unakutana na mizizi, na ukimaliza mizizi kuna korongo. Baiskeli ya marehemu Babu tunayo, imebeba magunia ya mahindi miaka yote, ila ni ndefu kiasi kwamba kuipanda lazima kwanza utafute kichuguu. Kwa hiyo ilibidi iwe baiskeli ya gia yenye tairi pana, zile zinazoitwa za milimani, ingawa Kwihara mlima hatuna. Ujuzi wangu wa kuendesha ulikuwa wa wiki mbili, nao niliupata kwenye uwanja wa kanisa, jioni, watu wakishaondoka.

Mwenye duka alikuwa mtu mzima wa makamo, amevaa ovaroli. Alituambia, "Shikamoo bibi, karibuni," na Bibi akasimama pale pale mlangoni.

"Marahaba. Wewe Mgogo wewe."

"Wa Dodoma kabisa," akasema yule baba, uso ukamfunguka. "Na wewe ni Mnyamwezi, nimeona ulivyobeba mkoba. Karibuni wapagazi! Leo mmeshusha mzigo gani?"

Hapo nikajua hatutatoka mapema. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokatiza kwao na mizigo kichwani na babu zao wakataka hongo ndipo wawaruhusu kunywa maji kisimani. Watani wakishatambuana, hakuna neno linalosemwa likachukuliwa kama lilivyo mpaka waagane. Najua hivyo kwa sababu Bibi alishawahi kucheka msibani, marehemu akiwa mtani wake, na wafiwa wakamshukuru.

"Hatukushusha mzigo, tumekuja kudai," Bibi akasema. "Yale maji mliyotuuzia. Anza na soda."

Soda ikaletwa. Bibi akakaa kwenye kiti cha mwenye duka.

Baiskeli zilizokaribia saizi yangu zilikuwa mbili, zote mtumba. Moja ya bluu, inang'aa, ina springi mbele na springi nyingine kubwa katikati ya fremu, na gia nyingi. Ya pili ya kijivu, fupi kidogo, shokapu za mbele tu, rangi imechunika. Bibi aliinua ya bluu kidogo, akasikia uzito, akatikisa kichwa kwa heshima. Kwetu kitu kizito ndicho kitu.

"Mtani, hiyo usimchukulie binti," yule baba akasema. "Ni kubwa kwake. Na hiyo springi ya nyuma ni dhaifu, kila akikanyaga pedali nguvu inaishia kwenye kunesanesa. Kwa anayeanza, tena mchangani, ya kijivu ndiyo yake."

Bibi akacheka mpaka soda ikampalia.

"Umesikia?" akaniambia. "Ya bluu anawafichia Wagogo wenzake. Sisi anatupa iliyochunika."

"Haki ya Mungu, mama, hapo siyo utani."

"Sasa ameniita mama! Mgogo akikuita mama shika mkoba."

"Nasema kweli!"

"Kweli yenu tunaijua. Mlituambia kisima kimekauka, na ng'ombe wenu wananywa nyuma ya nyumba."

Yule baba alivua kofia akajikuna. Kila alivyozidi kuapa, Bibi alizidi kufurahi. Alijaribu kunyamaza, Bibi akasema ameshikwa. Alijaribu kueleza habari za fremu taratibu, kama mwalimu, Bibi akapiga makofi. Nilimwonea huruma. Alikuwa mfanyabiashara anayekataa kuuza baiskeli ya bei kubwa zaidi, na hakuna aliyemwamini.

Mimi nilimwamini. Ila sikusema. Nilikuwa nimesimama nimeshika kengele ya baiskeli fulani, sijui kwa nini.

"Basi mwache ajaribu zote mbili," yule baba akasema mwishowe. "Huko nyuma ya maduka kuna mchanga wa ujenzi. Ila lazima niachiwe rehani."

"Rehani ni mimi," Bibi akasema. "Asiporudi unioe."

"Binti, tafadhali rudi," yule baba akaniambia.

Nilianza na ya bluu. Nyuma ya maduka palikuwa na kichochoro, rundo la mchanga lililosambaa njiani, na mama mmoja anauza vitumbua. Nikapanda. Miguu haikufika chini, ikafika nusu. Kwenye ardhi ngumu baiskeli ilikwenda, lakini kila nikikanyaga ilikuwa inainama na kuinuka kama inaitikia shikamoo, na mimi nikawa nainama nayo. Nilipoingia mchangani nikakanyaga kwa nguvu zote. Springi ikabonyea, tairi likazama, nikatafuta ardhi kwa mguu nisiipate. Nilianguka polepole sana. Nilipata hata muda wa kuangalia kama kuna mtu ananiona.

"Pole mwanangu," akasema mama wa vitumbua.

"Asante. Shikamoo," nikasema, bado nimelala.

Kwa ile ya kijivu sikutarajia lolote. Nilipokaa, vidole vya miguu viligusa chini. Hilo peke yake lilinifanya nipumue. Nikashusha gia mpaka pedali zikawa nyepesi, nikaingia mchangani nikizungusha miguu haraka kama mtu anayekimbia mahali pamoja. Usukani ukacheza kushoto na kulia, nikauacha ucheze. Nikatokea upande wa pili. Nikageuka nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza ingeweza kuwa bahati. Mara ya tatu mama wa vitumbua alisogeza karai lake, nikaona bora niache.

Niliporudi dukani Bibi alikuwa ameshaamua. Alikuwa amesimama, amefungua mkoba.

"Tunachukua ya bluu," akasema. "Huyu amekataa kabisa kuiuza, ndiyo nimejua ni nzuri."

Yule baba akaniangalia mimi. Nadhani alikuwa ameelewa kwamba neno lake lolote litaiuza ile ya bluu.

Mimi kumpinga Bibi mbele ya mtu sijawahi. Nyumbani nampinga kidogo, kuhusu chumvi. Nikafikiria kwamba labda ya bluu nitaizoea, na watu wanazoea mambo mengi. Halafu nikafikiria ule mstari wa miswaki.

"Bibi, nimeanguka na ya bluu."

"Umeanguka wapi?"

"Hapo nyuma. Mchangani."

"Umeteleza tu."

"Sikuteleza. Ilizama. Nataka ya kijivu." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niirudie. "Nataka ya kijivu, Bibi. Nikichukua hiyo sitafika shule, na nisipofika naenda bweni."

Bibi akaitazama baiskeli ya bluu, akanitazama mimi, akatazama mchanga kwenye sketi yangu. Akafunga mkoba, akaufungua tena.

"Sasa muda wote huo ulikuwa wapi kusema?"

"Mlikuwa mnaongea."

Bibi akasonya. Akamgeukia yule baba, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie akaongea naye kama watu wanavyoongea. "Ya kijivu. Fungia na keria, asije akabeba madaftari kichwani."

"Kama mpagazi," yule baba akasema.

"Wewe!"

Akafunga keria, akatuongezea tyubu moja kwa ajili ya mbigili, na pale mlangoni akamwambia Bibi, "Nenda salama, mama," kwa upole kabisa. Bibi akamwitikia vizuri. Nje, bodaboda ilipokuwa inamsubiri, aliniambia kwamba yule ni mtu mkweli, inasikitisha tu kwamba alizaliwa Mgogo.

Baiskeli niliisukuma mpaka nyumba za mjini zilipoisha, kwa sababu ya watu. Baada ya hapo nikapanda, nikafuata barabara ya kawaida taratibu, Bibi na bodaboda wakiwa nyuma yangu. Usiku Baba alipiga. Akauliza kama nimefika shule.

"Bado."

"Kesho ndiyo Jumapili," akasema, kama vile mimi ningesahau.

Asubuhi yake nilimwambia Bibi nitasali misa ya pili. Nikavaa suruali ya michezo chini ya sketi, nikaingia njia ya zamani kabla jua halijapanda. Mchanga wa kwanza niliuvuka. Kwenye mizizi nilisimama juu ya pedali kama nilivyowaona wengine wakifanya, nikajigonga goti, nikaendelea. Korongoni nilishuka nikatembea, na sioni aibu kuliandika hilo. Nikapishana na ng'ombe ambao hawakunipisha. Mchanga wa pili uliniangusha mara moja.

Mlinzi wa shule alikuwa amekaa getini anasikiliza redio.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umesahau nini? Leo Jumapili."

"Najua. Naomba kutumia simu yako, nimpigie Baba. Dakika moja."

Alinipa. Baba alipokea kwa sauti ya kumpokea mtu asiyemjua.

"Ni mimi," nikasema. "Niko getini shuleni. Na baiskeli."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Mpe huyo mwenye simu."

Mlinzi akasikiliza. "Ndiyo mzee, ni yeye," akasema. "Hapana, sioni mtu mwingine. Amechafuka, lakini mzima. Ndiyo. Ndiyo. Nitamwambia." Akakata simu.

"Baba yako anasema ukae kwa bibi yako," akaniambia. "Na urudi polepole."

Nikamshukuru, nikaigeuza baiskeli, nikarudi Kwihara kuwahi misa ya pili.